Bakteria Wanaosaidia Mazao Kwenye Chumvi: Soma Hapa Kabla Hujanunua Chupa

Leo nina deni la kulipa, kwa hiyo makala itakuwa ndefu kidogo. Vumilia.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa upande wa Baleni, kwenye bonde la mpunga ambalo bahari iliingia wakati wa bamvua. Maji yalipokauka pakabaki ukoko mweupe juu ya udongo. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kipande chake hapo, alinikaribisha, nikamwamkia, kisha akaingia ndani akatoka na chupa ya lita moja. "Bwana shamba, mwanangu, nimeuziwa hii. Kijana aliyeileta anasema ni bakteria, wanakula chumvi. Sasa nimwage kabla ya mvua au baada?"

Nikaigeuza ile chupa. Ina picha ya mahindi. Jina la bakteria halipo, tarehe ya kutengenezwa haipo, ya kuisha haipo, namba ya usajili haipo. Bei yake shilingi 25,000, na alikuwa ameshaagiza nyingine mbili kwa pesa ya kikoba.

Nikamwambia asimwage, na hizo mbili asizilipie. Akanitazama kwa mashaka, na alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa kijiji mwaka jana nikasema kuna bakteria wa udongo wanaosaidia mazao kuvumilia chumvi. Nilisema kweli, ila nilisema nusu, nikaondoka. Nusu iliyobaki akaja kuimalizia muuza chupa. Kwa hiyo leo naimalizia mimi.

Chumvi inamfanya nini mche

Wengi tunadhani chumvi "inaunguza" mmea. Kuunguza kunakuja mwishoni. Kwanza kabisa chumvi inaleta kiu. Mzizi unavuta maji kwa sababu utomvu wake ndani ni mzito kuliko maji ya udongoni. Udongo ukijaa chumvi, maji ya nje nayo yanakuwa mazito, mzizi unavuta lakini haupati. Ndiyo maana unakuta nyanya zimenyauka saa nne asubuhi na ukishika udongo una unyevu.

Pili, ile sodiamu ya kwenye chumvi inaingia ndani pole pole na kujikusanya kwenye majani, hasa ya zamani. Ncha zinakauka, kingo zinakuwa kahawia. Na kwa kuwa sodiamu na potasiamu zinafanana sana, sodiamu ikiwa nyingi inaziba njia ya potasiamu, mmea unakosa chakula huku chakula kipo.

Tatu ndiyo ile ambayo bakteria wanahusika nayo zaidi, na hii nataka uielewe vizuri. Ukitaka ndizi ziive haraka unafanyaje? Unazivundika. Ndizi zenyewe zinatoa hewa inayoitwa ethilini, hewa inabanwa mle ulimozifunika, mkungu mzima unaiva. Sasa hewa hiyohiyo mmea unaitoa ukipata mateso: ukame, maji kutuama, chumvi. Ikiwa kidogo ni kama kengele ya hatari, haina ubaya. Ikizidi, mizizi inaacha kurefuka na majani ya chini yanageuka njano na kudondoka kabla ya siku zake. Yaani mche unazeeka ukiwa bado mtoto. Sehemu ya madhara tunayoyaona kwenye chumvi ni mmea kujivundika wenyewe.

Bakteria wanaingilia wapi

Ili mmea utengeneze ethilini unahitaji malighafi, ambayo wataalamu wanaiita kwa kifupi ACC. Sehemu ya malighafi hiyo huvuja nje kupitia mizizi. Wapo bakteria wanaoishi wamejibandika kwenye mizizi, baadhi ya akina Pseudomonas na wenzao, wenye kimeng'enya cha kuivunja ACC na kupata nitrojeni humo. Wakiila nje, nyingine inavuja kutoka ndani, malighafi inapungua, na ethilini nayo inapungua. Bakteria wamekula, mche umepumua. Maelezo haya yalipangwa vizuri mwaka 1998 na Bernard Glick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada.

Kuna kazi nyingine wanafanya. Baadhi hutoa ute, fikiria ute wa bamia, unaoshikanisha chembe za mchanga kuzunguka mzizi, unatunza unyevu na unaweza kuikamata sehemu ya sodiamu isiingie. Kwa mchanga wetu wa Mafia usioshika maji, ute huo si kitu kidogo. Wengine, mfano Azospirillum, hutoa homoni inayofanya mizizi iote vinyweleo vingi, na mzizi wenye vinyweleo vingi unatafuta maji mahali pengi.

Sasa ushahidi. Mwaka 2004 Mayak, Tirosh na huyohuyo Glick walichapisha jaribio lao. Walichukua bakteria kutoka udongo wa Arava, eneo kame lenye chumvi kusini mwa Israeli, wakawapa miche ya nyanya, kisha wakaimwagilia maji ya chumvi. Chumvi yenyewe ilifika kama gramu 10 kwa lita. Bahari ina kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo ni chini kidogo ya theluthi ya bahari. Miche iliyopewa bakteria ilikua mikubwa kuliko iliyonyimwa, kwa tofauti ya kuonekana.

Lakini walipopima sodiamu ndani ya miche, haikupungua. Miche yenye bakteria na isiyo na bakteria ilikuwa na sodiamu sawa tu. Kilichobadilika ni kwamba miche yenye bakteria ilitoa ethilini kidogo, ikatumia maji vizuri zaidi, na ikapata fosforasi na potasiamu zaidi kidogo. Chumvi ilibaki palepale.

Kwa hiyo mtu akikwambia bakteria wake "wanakula chumvi", ama hajui anachouza au anajua sana. Chumvi ya bahari haina chakula cha kuliwa. Inaondoka shambani kwa njia moja tu ya maana: maji baridi yapite juu yake, yaibebe, yaende nayo chini au nje.

Na jaribio lile lilikuwa la miche, ndani ya nyumba ya vioo, siyo shamba zima mpaka mavuno. Mimi ni mtu wa stashahada, siwezi kubishana na maprofesa, lakini nimeona mambo mengi yanayoota vizuri ndani ya chungu yakifika shambani yanasahau.

Chumvi kiasi gani?

Hapa ndipo uamuzi wa pesa yako ulipo. Chumvi ya udongo hupimwa kwa desisimensi kwa mita, ukifika 4 udongo unaitwa wa chumvi. Maharage huanza kupunguza mavuno kwenye 1 tu. Mahindi 1.7. Nyanya 2.5. Mpunga 3. Mnazi usiuweke kwenye hesabu hii kabisa, huko Ufilipino wakulima wanaiwekea minazi chumvi makusudi kama mbolea.

Kwa maoni yangu bakteria wana nafasi pale katikati, ambapo zao linaota ila linateseka. Ukiona magugu yapo, miche inatoka lakini imedumaa na ncha zimekauka, hapo msaada wao unaweza kuonekana. Ukiona ukoko mweupe na hata majani hayaoti, hapo hakuna chupa wala kiroba kitakachofanya kazi. Bakteria nao ni viumbe, utamwagia pesa mahali pa kufa.

Kama huna kipimo, leta udongo ofisini tuupime au tuone namna ya kuupeleka maabara. Na kama huna nauli, chukua vikopo viwili, kimoja udongo wa mahali unapopashuku, kingine udongo mzuri wa karibu na nyumbani. Panda mbegu tano tano za maharage, mwagilia maji ya mvua kwa kiasi kilekile. Maharage hayafichi siri. Baada ya wiki mbili utajua.

Kwa hapa kwetu kazi inaanzia wapi

Mafia tuna kitu ambacho watu wa Arava hawana, tuna masika. Wataalamu wa umwagiliaji wana kanuni yao: maji ya kimo cha sentimita 30 yakipita kwenye udongo wa kina cha sentimita 30 yanaondoa kama asilimia 70 hadi 80 ya chumvi. Sentimita 30 za maji ni milimita 300 za mvua, na masika yetu ikiwa nzuri inazidi hapo. Lakini angalia neno "yakipita". Mvua ikinyesha juu ya bonde ambalo mfereji umeziba, maji yanatuama, yanakauka, na chumvi inarudi juu. Kwa hiyo kabla ya kufikiria bakteria, chimba mfereji wa kutoa maji upande wa chini, na inua tuta upande wa bahari ili bamvua ijayo isiingie tena. Wenzetu wa Kisiwa Panza kule Pemba wanaijua vizuri habari ya tuta na bahari.

Wapo waliosikia habari ya jasi. Jasi inasaidia udongo ulioharibiwa na sodiamu ukashikana kama saruji, kama sehemu za Same na uwanda wa chini wa Moshi. Kwenye mchanga wetu mara nyingi hauihitaji. Kwenye bonde la mfinyanzi lililoingiwa na bahari ni habari nyingine, hapo pima kwanza.

Kisha mboji. Bakteria hawaishi kwa mchanga mtupu, wanahitaji chakula na kivuli. Ila hapa nina onyo la kisiwani: makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba usiyaweke kwenye mboji wala kutandaza bila kuyaacha yanyeshewe msimu mzima. Mwani vilevile. Nimeona bustani ya mchicha ikifa kwa matandazo ya makumbi ya pwani, mwenyewe analalamikia kisima. Na majivu, jamani, majivu kwenye udongo wenye chumvi unaongeza chumvi nyingine.

Visima vyenyewe tuviangalie. Maji baridi ya kisiwani yanaelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, kwa sababu ni mepesi. Ukiweka pampu ukavuta kwa nguvu kisima kimoja, unayavuta ya chini yapande. Bora visima vifupi viwili au vitatu, uchote kidogo kidogo kila kimoja.

Na mbegu. Kwa mpunga zipo mbegu zilizotolewa na watafiti wetu kwa ajili ya maeneo ya chumvi, kama SATO 1 na SATO 9. Ulizia mapema, usingoje mvua ianze. Mpunga unaumia zaidi mara mbili: ukiwa mche mdogo wa majani mawili matatu, na unapotunga na kuchanua. Ndiyo maana nawashauri watu wa mabondeni wakuze miche kwenye kitalu cha udongo mzuri, juu, wahamishe ikiwa imekomaa na mvua imeshaosha bonde.

Hapo sasa ndipo bakteria wanapoingia. Kazi yao ni kumvusha mche zile wiki za mwanzo wakati chumvi haijaisha yote.

Bakteria unao tayari

Nenda ukang'oe mche mmoja wa kunde uliokaribia kutoa maua. Ng'oa kwa jembe, siyo kwa kuvuta. Utaona vinundu kwenye mizizi. Humo ndani wamo bakteria wa jamii ya rizobia, wanaokamata nitrojeni ya hewani na kuipa kunde. Kipasue kimoja kwa kucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, kipo tu kama pambo. Kwenye chumvi, vinundu huathirika mapema kuliko mmea wenyewe, kwa hiyo kunde inayoonekana nzima lakini ina vinundu vyeupe inakupa taarifa kabla majani hayajasema.

Usichanganye na minyoo fundo. Kinundu cha bakteria kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kinabanduka. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, halibanduki. Udongo wenye minyoo fundo usiuhamishe popote.

Sasa fikiria. Ukikuta pembeni mwa eneo la chumvi kuna kunde au choroko iliyosimama vizuri wakati wenzake wamekufa, na vinundu vyake ni vyekundu, basi chini yake kuna bakteria waliozoea chumvi ya hapo hapo Mafia. Hao ndio nawatamani kuliko waliosafiri. Kuhamisha udongo shamba hadi shamba ni njia ya zamani sana. Wakulima wa Ulaya waliitumia kabla ya Nobbe na Hiltner wa Ujerumani kuweka hakimiliki ya bakteria wa kununua, mwaka 1896.

Namna ninavyofanya: nachukua udongo unaozunguka mizizi ya kunde hiyo, viganja kama vitano, pamoja na mizizi iliyokatwakatwa. Siuchukui wenye ukoko wala wa kwenye alama ya maji kujaa. Nauchanganya na ndoo moja ya mboji iliyoiva na kupoa, naweka kivulini siku chache ikiwa na unyevu, kisha nazitia kwenye mashimo ya kupandia kunde au choroko. Kwa rizobia wa mikunde njia hii naiamini. Kwa nyanya na mpunga siahidi kitu. Wale bakteria wengine nao wamo kwenye udongo huo, lakini hujui wangapi.

Kwa hiyo ukijaribu, jaribu kwa ushahidi. Weka vitalu viwili viwili, jozi tatu. Kimoja mboji yenye udongo wa kunde, kingine mboji ileile bila udongo huo. Mbegu moja, siku moja, maji ya ndoo sawa. Hesabu miche iliyosimama baada ya wiki tatu, na mwisho pima mavuno kwenye mizani. Kama jozi zote tatu zinasema kitu kimoja, una jambo. Kama moja tu, ni bahati.

Kama utanunua

Sikatai bidhaa za bakteria. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutengeneza NITROSUA kwa ajili ya soya, na Kenya ipo Biofix iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni kazi za heshima. Lakini hizo ni za mikunde na nitrojeni, kila pakiti na zao lake, na hazikutengenezwa kwa ajili ya chumvi. Ukimwagia mahindi rizobia wa soya umewapa matembezi tu.

Chochote utakachouziwa, dai uone jina la bakteria, tarehe ya mwisho, na usajili wa TFRA. Kisha muulize muuzaji alivisafirishaje. Bakteria ni viumbe hai. Mimi nilishawahi kuagiza pakiti kutoka Dar, zikakaa siku mbili juani Nyamisati zikisubiri boti, zikafika zimepata moto kama mkate. Nikazitumia hivyohivyo kwa kuona aibu ya hasara. Kitalu chenye bakteria na kisicho na bakteria vilitoka mapacha. Kosa lilikuwa langu. Zikifika, weka mahali pa baridi, changanya na mbegu kivulini kwa maji ya sukari kidogo ili zishike, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, na usitumie mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu wala kuchanganya na mbolea ya chumvichumvi.

Yule mama nilirudi kwake Jumamosi. Zile chupa mbili hakuzilipia, kijana amekasirika, ya kwanza bado ipo chini ya kitanda. Mfereji umeshachimbwa na wajukuu, bado kama hatua ishirini ufike mkondoni. Kitalu cha mpunga tumekiweka juu karibu na mwembe. Pembeni mwa bonde, ambako kunde za mwaka jana zilijiotea, tumepata vinundu vyekundu, kwa hiyo jozi tatu za vitalu tutazipanda hapo mvua ya kwanza ikishalowesha. Ile chupa yake nayo akasisitiza tuipe kitalu chake cha peke yake, maana hela imeshatoka. Nikakubali. Itahesabiwa kama vingine.